Askari Kanzu Niliyetumwa Mlimba

Wakati ule, ungenitaka mchana usingenitafuta sokoni. Ungenikuta kwenye kibanda changu cha kushonea nguo, hapa Ifakara mjini, miguu kwenye cherehani na macho kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la vifungo. Nilikuwa nimenasa kwenye tamthilia za Kikorea. Si zile za mapenzi, za watu kulia kwenye mvua. Hizo nawaachia wenye nafasi. Mimi nataka za askari kanzu. Kijana wa polisi anajifanya mhuni, anaingia kwenye genge, analishwa, anavishwa, bosi anamwita mdogo wangu, kumbe simu ya siri iko ndani ya soksi! Nilikuwa naangalia zile zilizotafsiriwa, ambazo jamaa mmoja anawasemea wahusika wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, na akimwona mjinga anamtukana kwa niaba yetu. Moyo ulinidunda mpaka siku moja nikashona mkono wa gauni mahali pa kola.

Mama alikuwa anakuja na kigoda chake tunaangalia pamoja, na tuligombana kweli. Mimi nilikuwa upande wa askari. Mama alikuwa upande wa bosi wa genge, bila aibu yoyote. Alisema yule bosi angalau anauliza watu kama wamekula. Kila askari alipokwenda kutoa taarifa kwa wakubwa zake, mama alisonya, akasema mtu huwezi kula ugali wa mwenzio mchana halafu jioni ukamchongea. Nikamwambia kazi ni kazi. Akanijibu kwamba nasema hivyo kwa sababu sijawahi kutumwa.

Basi nikatumwa.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi seremala. Alikwenda Mlimba kupaua nyumba, paa likaisha, yeye hakurudi. Alipokuja kurudi alikuwa na jambo moja tu mdomoni: amepata mchumba, binti wa wakulima wa mpunga, na anataka wazee wapeleke posa. Kwetu posa haiendi hivihivi. Kabla mshenga hajabisha hodi, ukoo unatuma mtu kimyakimya akapeleleze nyumba ile: kama kuna uchawi, wizi, uvivu, au ugonjwa unaotembea kwenye damu. Kazi hiyo huisimamia shangazi, dada yake marehemu baba, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi unahojiwa. Akasema aende mtu asiyejulikana kule. Binti hakuwahi kuniona hata kwa picha, maana simu ya mdogo wangu ilikuwa ya kitochi, isiyotunza picha. Shangazi akaninyooshea kidole.

Nitasema ukweli: nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Mimi, askari kanzu! Nilijitungia maisha mapya. Natokea Kiberege, mume amenikimbia, natafuta kibarua cha kuvuna. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka nikaanza kumchukia yule mume. Mdogo wangu alinisindikiza kupanda basi, na hakunibembeleza. Alisema tu, "Dada, nenda kaone. Lakini uone vizuri."

Kupokelewa hakukuwa na taabu. Ilikuwa msimu wa mavuno, mashamba yote yamekuwa ya njano na kila mwenye shamba anatafuta mikono. Mama wa binti, mjane mnene mwenye sauti ya chini, alinipa mundu na mkeka wa kulalia, hakuniuliza maswali mengi. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti mwenyewe aliyechumbiwa, na dada mkubwa wa binti, mpole, ambaye hakupelekwa shamba bali alibaki kutwanga na kupika. Nikaanza kazi zangu mbili. Mkono unakata mpunga, jicho linapeleleza.

Uchawi sikuuona. Uvivu ndiyo kabisa. Yule binti alikuwa anafika mwisho wa jaruba akageuka kunisaidia mimi, na ananitania kwamba watu wa Kiberege tunavuna kama tunasuka nywele. Tukawa mashoga. Nilimsimulia tamthilia zangu, naye akazipenda, akawa ananiuliza tukiwa tumeinama shambani: kwa hiyo bosi hajamgundua tu? Nikawa najibu hajamgundua, huku natokwa na jasho ambalo halikuwa la jua.

Na walinilisha! Perege wa kuchoma, wali mpya unaonukia mpaka barabarani, na pande la ukoko nililowekewa mimi peke yangu kwa sababu niliwahi kusema naupenda. Nikamkumbuka mama na bosi wake. Yule askari wa kwenye simu nilikuwa nimemwonea mno. Nilimdhania kazi yake ngumu ni kukimbia risasi, kumbe kazi ngumu ni kuongezwa kitoweo.

Mchana mmoja tulikuwa uani, dada mkubwa anapika, sisi tunapepeta. Nikasikia kishindo. Yule dada alikuwa ameanguka karibu na mafiga, mwili unamtikisika, povu linamtoka. Kifafa. Kwetu watu wanakiogopa kuliko simba. Wanasema ukigusa lile povu umekichukua, na mtu anaweza kuungua motoni watu wazima wakimtazama. Mimi nilibaki na ungo wangu mkononi, miguu imekataa. Binti alikuwa ameshafika. Alimvuta mbali na moto, akamlaza ubavu, akafungua kanga yake mwenyewe na kumfuta lile povu, anamwambia maneno ya taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Wali ukaungua wote. Hakuna aliyeulizia wali. Alipozinduka, mama yao alimletea vidonge vyake vya zahanati na maji, tukakaa tukala mihogo, na dada akala nasi chungu kimoja.

Sasa hapo ndipo nilipopatikana. Swali la kifafa shangazi angeliuliza, na jibu lake nilikuwa nalijua. Nikisema kipo, mdogo wangu hana mke. Nikisema hakipo, nimewadanganya watu wangu wa damu, na njia ya mwongo ni fupi. Nilikasirika. Nilimkasirikia shangazi, nikamkasirikia mdogo wangu kwa kwenda kupaua Mlimba wakati Ifakara nyumba zimejaa. Mwisho nikaamua nitadanganya, na nikaona raha kabisa ya kuamua.

Siku ya mwisho ya kupepeta, mama wa binti alikuja kukaa karibu yangu. Aliongea bila kuacha kazi.

"Kibarua gani wewe, unanishukia njia?"

Ungo ulinitoka. Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimekariri kila kitu: kijiji, mume, hata sababu za mume kukimbia. Nilichosahau ni mwili wangu mwenyewe. Kwetu, mama wa binti anayechumbiwa ni mkwe wa nyumba nzima. Humpiti mbele, hugusi sahani yake, mkikutana kwenye njia nyembamba wewe ndiye unayeshuka pembeni kwenye matope. Nami tangu nilipofika nilikuwa nashuka kwenye matope! Kibarua wa kweli angempita mwenye shamba kwa salamu tu. Mimi nilimwinamia kama mkwe, asubuhi na jioni, bila kujijua.

Kwenye tamthilia, hapa ndipo muziki unapobadilika na mtu anatiwa kwenye buti la gari. Yeye aliniokotea ungo wangu.

"Wewe ni wa yule fundi seremala," alisema. "Nilijua mapema. Huyu mwanangu mgonjwa ningeweza kumpeleka kwa ndugu mpaka uondoke. Sikumpeleka."

Nikamwambia, kwa kunong'ona, kwamba mimi sitasema. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Kaseme. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitaki binti yangu akaishi kwa watu ambao siku wakijua watamrudisha."

Nilirudi Ifakara na kiroba cha mchele alichonipa, na kwenye basi nilijikuta nalia kwa hasira na kwa mapenzi kwa pamoja. Nilikuwa nimekwenda kuichunguza nyumba ile, nayo ilikuwa imekaa kitako inanichunguza mimi.

Wazee wakakaa sebuleni kwetu. Mdogo wangu, kwa desturi, haruhusiwi kuwamo. Alikuwa nje anagongelea msumari stuli ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mama alikaa pembeni. Shangazi akaanza. Uchawi? Hakuna. Wizi? Hakuna. Uvivu? Nikacheka. Kisha akainama mbele kidogo.

"Kifafa?"

"Kipo," nikasema. "Kwa dada yake mkubwa. Nimekiona kwa macho yangu."

Sebule nzima ikaguna. Shangazi akapiga mikono yake pamoja, akasema basi, shughuli imekwisha, ndiyo maana hutumwa watu. Hapo nikapandwa na hasira. Nikasimama, jambo ambalo mtoto hafanyi mbele ya wazee, nikasema mimi sijamaliza, na kama walinituma kuona nyumba basi waisikie nyumba yote. Nikawaeleza kwamba mama wa binti alijua mimi ni nani na hakuficha kitu. Shangazi akaniuliza, kwa ukali kabisa, siku hizi mimi niko upande gani. Moyo ulikuwa unapiga kuliko siku yoyote niliyowahi kuangalia simu.

Ndipo mama akafungua mdomo. Hakumtazama shangazi, alinitazama mimi.

"Alipoanguka yule dada, nani alimfikia kwanza?"

"Huyo binti mwenyewe."

"Alimshika?"

"Alimshika. Alimfuta povu kwa kanga aliyoivaa."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akajiweka sawa kwenye kigoda. "Mimi nina presha, nyote mnajua," alisema. "Nimekwisha anguka mara moja kule bombani, na watu walisimama na ndoo zao wananitazama. Nikianguka tena, namtaka huyo awe ndani ya nyumba yangu."

Nje, nyundo ilikuwa imenyamaza. Shangazi alifunga upya kanga yake kiunoni, akakohoa, akauliza basi la Mlimba linaondoka saa ngapi.