Kadi Ina Mwenyewe

Nilijifunza kusoma nikiwa nimeshazaa mara saba na jino la mbele limeshang'oka. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu bila kisomo kile cha watu wazima yaliyonipata Mpanda yasingenipata. Ningeapa, ningeweka dole gumba, ningerudi kulima mpunga wangu. Watu husema kusoma kunaondoa hofu. Kwangu mimi kuliileta.

Kijana wangu mkubwa wakati huo alikuwa chuo kikuu Dar es Salaam, mwaka wa pili, anasomea uinjinia. Kijijini kwetu, upande wa Mamba, hakuna aliyejua uinjinia ni kitu gani. Baba yake aliwaambia watu mtoto anasomea kutengeneza magari, wakamheshimu kwa hilo, naye hakuona haja ya kuongeza maneno.

Likizo moja akaja na bahasha ya kaki, akakaa kizingitini akatusomea. Kulikuwa na nafasi za masomo ng'ambo kwa wanaosoma uinjinia, nchi ya baridi, miaka miwili ya mitambo ya maji, ada na chakula na koti juu ya serikali ya huko. Darasani kwake walichaguliwa wanne. Kilichobaki kilikuwa kupimwa na daktari, na kula kiapo cha kuzaliwa mbele ya hakimu ili apate pasipoti, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Nani huku kwetu alikuwa nacho? Huyo aliingia shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio. Karatasi zilitakiwa zifike Dar es Salaam kabla ya mwezi kuisha. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine aliye kwenye orodha ya akiba.

Mwenye kuapa awe mzazi. Baba yake mguu ulikuwa umevimba, hapandi lori. Basi akafungua sanduku la bati, akatoa kadi ya ubatizo imefungwa kwenye kitambaa, akanipa. Akasema hii hapa ya kijana. Sanduku lile ndilo pekee lililookoka salama mwaka tulipohamishiwa kwenye vijiji. Vingine vilinyeshewa, vingine vililiwa na mchwa, vingine tuliviacha kule mashambani tukidhani tutarudi kuvichukua. Baba yake hajui kusoma. Mimi nilijua kidogo, ila mtu hasomi kitu anachodhani anakijua. Nikakitia kitambaa kifuani.

Hofu niliondoka nayo nyumbani. Niliogopa umbali. Niliogopa baridi aliyoisimulia, maji yanakuwa jiwe na watu wanatembea juu yake. Zaidi niliogopa afe huko azikwe na watu wasiojua hata alivyokuwa akilia utotoni. Sikusema. Kwetu hofu ikisemwa kabla ya safari hutangulia njiani ikamsubiri msafiri.

Tulipanda lori la mpunga Majimoto. Porini mbung'o walituuma kupita nguo, na kijana akawa ananieleza habari za pampu na mabomba, jinsi maji yanavyopandishwa mlimani bila mtu kubeba ndoo. Nilikuwa naitikia tu. Nilikuwa natazama magoti yake, yalivyo makavu kama ya babake, nikawaza nani atayapaka mafuta.

Asubuhi ya pili tukawa mahakamani Mpanda, kwenye benchi la nje. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Inyonga, amekuja na kesi ya mizinga ya asali iliyoibwa. Akanitazama mikono.

"Mwenzangu, mwanao anakwenda Ulaya nawe unatetemeka hivyo," akasema. "Angekuwa anakwenda jela ungekuwaje?"

Mzee mmoja akadakia kwamba naogopa kuletewa mkwe mzungu asiyejua kusonga ugali. Wakacheka. Nikacheka na mimi ili nifanane nao, kisha nikaitoa kadi nipate pa kutazama.

Nikaisoma kwa kidole, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo. Jina la mtoto, ndilo. Jina la baba, ndilo. Jina la mama, langu mimi, na ilikuwa mara ya kwanza kuliona kwenye karatasi ambayo sikuiandika mwenyewe. Nikafurahi. Nikateremka mstari mwingine, jina la msimamizi wa ubatizo. Lilikuwa la dada yangu.

Nikalisoma mara tatu. 

Dada yangu alifariki kwa uzazi kabla kijana huyu hajazaliwa. Maiti hasimamii mtoto ubatizo. Kadi ile haikuwa ya huyu niliyekuja naye.

Hapa lazima nieleze. Kabla ya huyu nilikuwa na mwingine, wa kwanza kabisa. Dada yangu ndiye aliyemsimamia. Surua ikamchukua akiwa ameanza kukimbia. Aliyefuata alipozaliwa tukampa jina lile lile, la marehemu, jina lisilale chini. Ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wa mume wangu. Na mama mkwe wangu, aliyenipokea mtoto kwa mikono yake, akaniwekea sharti. Mtoto asijue kwamba jina lina mtu mpaka naye awe baba. Akijua mapema, mwenye jina atalidai. Nikashika sharti lile miaka yote. Hata mbele ya wadogo zake sikuwahi kutamka kwamba nilizaa mwingine. Kadi ya huyu wa pili ilikuwa na jina la mke wa katekista. Hiyo bila shaka ndiyo iliyoliwa na mchwa, na iliyobaki sandukuni ni ya mtoto aliyekwisha kufa.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, nitamfanya Mungu shahidi wa uongo, na mwanangu atavuka nchi kwa karatasi ya maiti. Nikisema, nitakuwa nimelivunja sharti wiki ile ile anayoanza safari. Pande zote mbili niliona kaburi.

Tukaitwa. Hakimu alikuwa kijana, mpole wa sauti. Alisoma kadi, akamtazama mwanangu, akaniambia niinue mkono. Akaniuliza kama naapa kwamba mtoto aliyetajwa kwenye kadi ile ndiye huyu aliyesimama hapa. Mkono ulikuwa juu. 

"Siapi," nikasema.

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, umepigwa na vumbi siku nzima juu ya magunia kuja kutuambia huapi?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba siwezi kulisema ndani kabla sijalisema nje. Akanitazama kidogo, akasema niende, akimaliza wenye kesi ataniita mara moja, na nisipoingia atafunga jalada.

Kijana wangu alinifuata mpaka nyuma ya jengo. Hajawahi kunipandishia sauti, na siku ile hakunipandishia. Afadhali angefanya hivyo.

"Mama, kama hutaki niende, ungesema nyumbani. Baba angejua. Umenileta huku kunifungia mlango mbele ya watu."

Nikamwambia akae chini. Akasema hakai. Nikamwambia basi simama, ila unisikilize, na ukishasikia usiniulize kwa nini sikusema. Nikamweleza. Nilisema haraka na kwa sauti ndogo, kwa Kipimbwe, lugha yetu ya nyumbani, huku nikitazama majani, kama mtu anayepita karibu na nyoka. Nilipolitaja jina la yule wa kwanza, ambalo ni jina lake, nilingoja. Sijui nilingoja nini. Aanguke, labda. Hakuanguka. Upepo ulipita ukageuza vumbi, basi.

Alikaa chini mwenyewe.

Akauliza, "Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Alikuwa anafukuza kuku. Wote aliwaita jina moja."

 Kisha akaniambia jambo ambalo hata leo likinijia hucheka peke yangu jikoni. Alikuwa ameuona ule mwaka kwenye kadi tangu nyumbani. Ulimzidishia miaka mitatu juu ya ile aliyoandikishwa shuleni. Akadhani padri alikosea, akaona anyamaze, nafasi isije ikapotea.

"Injinia mzima," nikamwambia. "Unaona hesabu imekataa na unakaa kimya. Madaraja utakayojenga nitapita kwa kuogelea."

Akatabasamu nusu. Lakini nilijua ameyasikia yote, pamoja na la mwenye jina kulidai.

Tukaingia. Nikamweleza hakimu kwa kifupi, bila la sharti, hilo si la mahakama. Akauliza kadi ya huyu iko wapi. Nikasema mchwa. Akairudisha ile ya marehemu mkononi mwangu na kusema kwa upole kwamba kadi ni msaada tu, anayeapa ni mama aliyezaa. Niseme mwaka.

Mwaka nilikuwa siujui. Sisi tulihesabu kwa mavuno. Lakini mwaka wa yule wa kwanza nilikuwa nao mkononi, umeandikwa. Nikaomba karatasi. Nikaandika ule mwaka, nikaongeza mavuno matatu: ya kumnyonyesha marehemu, ya surua, na yale tuliyovuna dada yangu akiwa ameshazikwa, nami ninamnyonyesha huyu mchanga. Ikatoka namba. Hakimu akaandika. Karani akanisogezea kidau cha wino wa dole gumba, nikakirudisha kwake. Nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, mpaka aliyekuwa nyuma yangu akaanza kukohoa. Ndipo nikaapa.

Alipanda treni ya Tabora wiki hiyo hiyo, karatasi zake zimekamilika. Pale stesheni akanyoosha mkono.

"Nipe ile kadi, Mama."

"Ya nini?"

"Niende nayo tu."

"Hii ina mwenyewe," nikamwambia. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikairudisha kifuani. Sikumwambia kwamba nilitaka mwenye jina abaki na mimi, asimfuate.

Miezi ikapita salama. Kisha ikaja barua kwamba amelazwa wiki tatu, kifua kimeshikwa na baridi. Niliisoma mwenyewe, na mume wangu nilimwambia kijana anasalimia. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, sikuwa na wa kumuuliza kama ndiko kudai kwenyewe. Nikaona dawa ni moja: yule wa kwanza hatujawahi kumwombea hata misa, kwa kuficha kwetu. Nikaenda misheni. Padri alikuwa mgeni, hana mwezi. Akauliza jina la marehemu na la baba yake, akaandika, hakuuliza zaidi.

Jumapili akalisoma madhabahuni, jina la mtoto na la babake.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kanisa zima lilijua jina hilo ni la kijana aliye Ulaya. Upande wa wanawake ukaanza kulia. Mume wangu, mguu wake ule, alijaribu kusimama akashindwa, akanitazama kama mtu aliyechomwa mkuki na mkewe. Nilimshika bega na kumwambia sikioni ni yule wa kwanza, ni yule wa kwanza, lakini kilio kilishatoka nje ya mlango. Tulipofika nyumbani tulikuta watu wameshatandika mikeka uani na wengine wamekuja na unga.

Nikasimama mbele yao. Nikawaambia nilizaa mtoto kabla ya huyu, akafa, na jina ni la wote wawili. Wazee wa ukoo wakaangalia chini. Bibi mmoja akasema, haya, sasa umemwita kabisa. Wengine wakala ugali wa matanga ya mtu wa zamani, wakaenda zao. Mimi nikaanza kuhesabu siku za barua. Kwa jumla ilinichukua siku arobaini na moja kupata nyingine. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, amepona, anaulizia mpunga.

Alirudi miaka yake miwili ilipokwisha, mnene kidogo, na koti ambalo huku halikuwa na kazi. Hakutaka kupumzika. Siku ya tatu akaniambia nimpeleke mahali tulipokuwa tukiishi kabla ya kuhamishwa, akamwone mwenzake. Tukaenda wawili, na kadi nikaichukua.

Nyumba ilikuwa imerudi udongoni. Mti uliokuwa mlangoni ulikatwa. Nyasi zilinifika kifuani, na vichuguu vilikuwa vitatu ambapo nilikumbuka kimoja tu, kando ya kaburi. Nilizunguka. Nilizunguka tena. Yeye alikuwa amevua kofia, anangoja, ameshika lile koti mkononi sijui la nini.

Nikasimama pembeni ya kichuguu cha katikati, nikamwonyesha kwa kidole. Akapiga magoti. Alikaa pale muda mrefu, akizungumza asichotaka nisikie.

Sina uhakika kama ndipo. Na sijamwambia.