Bustani ya Miguu Minne

Mbao za mtumbwi mkuukuu zikinyeshewa hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote: samaki wa miaka mingi, lami, na maji ya ziwa yaliyokauka na kurudi, yakakauka tena. Kila masika harufu hiyo hunirudisha kijijini Kisian, kwenye boma la nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Dani, katika msimu ambao mama yangu aliamua kulima mboga ilhali hajui hata jembe linavyoshikwa. Tulikuwa tumehamia huko tukitokea Kondele, mtaa wa Kisumu mjini, baada ya ofisi alimokuwa karani wa simu kufungwa. Baba alikuwa kazini Nakuru na alikuja nyumbani kwa nadra. Mama alikuwa mtoto wa lami. Alizaliwa Kondele, akakulia Kondele, na kwake mboga ilikuwa kitu unachonunua kikiwa kimeshakatwakatwa na muuzaji. Dani alimwita “nyar Kondele”, yaani binti wa Kondele, kwa sauti ambayo watu hutumia kutaja ugonjwa usio na dawa.

Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa pekee, na kazi yangu ya jioni niliichukia kuliko zote: kubeba bakuli tupu hadi kwa majirani kuomba mboga. Nilirudi na kunde siku moja, na siku nyingine nikarudi na salamu tu. Dani alilitazama bakuli lile kwa wiki kadhaa, kisha akatoa uamuzi wake mbele ya mama bila kuinua sauti. “Nyumba inayoombaomba mboga inalea mtoto namna gani? Mvua hii ikiisha, shangazi yake atakuja kumchukua akakae naye Sondu. Kule shamba ni shamba.” Mama aliendelea kupepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi, na usiku huo alinifunika shuka mara mbili.

Kesho yake aliamua kulima mboga mwenyewe, na vikwazo vyake vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa udongo. Ardhi yetu ya chini ni nyeusi na nzito. Mvua ikinyesha hugeuka uji, na mbegu huoza kabla ya kuamka. Cha pili kilikuwa mila. Katika boma letu mke wa mwana hakuweza kutia mbegu ardhini kabla ya mama mkwe wake kuanzisha upanzi, na Dani, ambaye alikuwa ameteleza njiani akaumia nyonga, hakuweza kuinama. Wapo waliosema desturi hiyo ni ya mahindi na mtama, haihusu mboga za majani kama mnavu na mgagani. Dani alisema mbegu ni mbegu. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tulikuwa na nyanya asiyeweza kuinama, mvua isiyongoja, na mama asiyeruhusiwa kutangulia.

Mama alianza kwa kosa ambalo ni mtu aliyekulia mjini tu angeweza kulifanya. Aliona kwamba sehemu pekee isiyotuama maji ilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Dani, palipoinuka kidogo. Akabeba udongo wa kichuguu karai baada ya karai, akauchanganya na samadi, akajenga tuta refu la kufika magotini, akalisawazisha kwa viganja hadi likapendeza. Nia yake ilikuwa kwamba Dani aje siku moja atupe mbegu chache, njia ifunguke. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba upande ule wa nyumba ndipo mwanamke wa kwetu huzikwa.

Asubuhi iliyofuata jirani yetu, Mama Akinyi, alikuwa akirudi kutoka safari ndefu. Alikuwa amesikia kwamba Dani anaumwa. Akafika langoni, akaona udongo mbichi umelala kwa urefu wa mtu mahali pale pale unapopaswa kulala, akaweka mikono kichwani na kupiga nduru. Nduru haiulizi maswali. Wanawake wa boma la pili waliipokea, wa boma la tatu wakaja mbio wakilia, mmoja akiwa bado na mwiko mkononi. Walikuwa wamekwisha kumsifu marehemu kwa ukarimu wake wakati mlango ulipofunguka na Dani akatokea, fimbo mkononi, kitambaa cha kichwa kikiwa upande.

“Nani amekufa kwangu bila kuniambia?”

Mama akasogea mbele, mikono ingali na matope. “Ni mboga, Mama.”

“Mboga gani inalala kama mimi?”

Mama Akinyi alianza kucheka akiwa bado na machozi, wengine wakamfuata, na kwa miezi mingi baadaye watu walimwamkia Dani kwa kumuuliza habari za ahera. Yeye hakucheka. Aliamuru tuta liondoke siku hiyo hiyo, akamtuma mtu Sondu kumwambia shangazi asingoje hadi mvua iishe.

Bandu bandu huisha gogo. Mama aliuondoa udongo ule karai kwa karai, lakini niliona hakuumwaga. Aliulundika nyuma ya jiko, akaufunika kwa gunia. Kesho yake alinishika mkono tukateremka hadi ziwani, ambako mzee mmoja fundi wa mitumbwi alikuwa akivunja chombo kilichochoka. Mama aliomba mbao.

“Mama, unaunda mtumbwi wa kukupeleka wapi?” fundi akamuuliza.

“Hauendi popote,” mama akasema. “Ndiyo maana nautaka.”

Kwa mbao zile na magogo manne ya mkaratusi alijenga kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona Kisian: sanduku refu la udongo lililosimama kwa miguu kama meza. Vidole vyake vilijaa malengelenge, na udongo uliofichwa nyuma ya jiko ukaingia humo. Watoto walikuja kuchungulia na kutuuliza kama tunafuga samaki. Swali lao halikuwa la kipuuzi, kwa maana mvua ya kwanza kulinyeshea ililijaza sanduku hadi ukingoni, na udongo ukaelea. Fundi, aliyekuja kutusaidia kuunganisha mbao, alikuwa ameziba nyufa kwa pamba na lami, tena kwa ustadi wa maisha yake yote. Mama alilala chini ya sanduku lile, chali kwenye matope, akachokoa pamba kwa kisu hadi maji meusi yakamdondokea usoni. “Mtumbwi mwema hauvuji,” aliniambia akijifuta, “lakini bustani isipovuja inazama.”

Kisha majirani wakatusaidia kulisogeza hadi karibu na mlango wa Dani, mbali na upande ule wa msiba, na mama akaweka kiti. Akaleta mbegu katika kisahani, akapiga magoti. “Mama, mimi siwezi kuanza.”

Dani alikaa. Alilizunguka sanduku kwa macho, akapitisha fimbo yake chini, huku na huku, mpaka akaridhika kwamba haikugusa chochote ila hewa. “Kaburi halina miguu,” akasema hatimaye. Akachota mbegu za mgagani, akazitia udongoni akiwa ameketi, mgongo wima, bila kuinama hata kidogo. Akamtazama mama. “Umesimama hivyo kwa nini? Panda. Mvua si ya babako.”

Shangazi alifika kutoka Sondu mboga zikiwa zimekwisha kuchanua majani. Nguo zangu zilikuwa zimefungwa tayari ndani ya kanga. Dani alimwandalia mgagani uliolala ndani ya maziwa hadi uchungu wake ukaisha, akamwangalia akila, akamwangalia akiongeza. Shangazi aliponawa mikono na kuniita, Dani alimwekea mapajani furushi kubwa la majani mabichi. “Rudi na haya,” alisema. “Mtoto anabaki. Nani atanichumia?” Mama alikuwa amesimama jikoni. Nilisikia kitu kikianguka, sufuria nadhani, na hakuna aliyeuliza.

Leo ninaishi Kisumu mjini, na bustani za masanduku zimekuwa mtindo. Vijana huzipiga picha, na maduka huziuza zikiwa tayari, mbao zimepakwa rangi, hazinuki chochote. Desturi za upanzi wengi wamezisahau, na sidai kwamba zote zilistahili kukumbukwa. Lakini nilipoagiza yangu, seremala alinishauri nisipoteze mbao kwa miguu, na mimi nikamwambia aipime kwa urefu wa kiti. Wiki iliyopita mvua ilianza mapema. Udongo ulikuwa tayari, majirani walikuwa wamekwisha kupanda, na mbegu zangu zilikuwa bado kwenye kisahani, zikingoja mkono wa kuzianzisha. Nikampigia mama simu Kisian.

“Goti langu linasumbua,” akasema. “Hiyo bustani yako ina miguu?”

“Ina miguu, Mama.”

“Basi weka kiti. Ninakuja.”