Aliyekaa Chini ya Meza Miaka Sitini

Kila Januari, Jumapili ya keki ya wafalme, Anselme Santelli alipiga magoti, akainua kitambaa kirefu cha meza, akaingia chini. Alianza akiwa na miaka saba. Mwaka ninaousimulia alikuwa na sitini na saba, na kabla ya kuzama ilibidi ashike kiti kwa mikono miwili na kutukana kidogo kwa Kikorsika, lugha ya kisiwa cha baba yake.

Desturi ya Wafaransa katika sikukuu hii ya Mamajusi ni kwamba aliye mdogo kuliko wote hukaa chini ya meza asione kitu. Juu yake keki imeshakatwa vipande. Mgawaji huchomeka mwiko bapa chini ya kipande kimoja na kuuliza, "Hiki cha nani?" Aliye chini hutaja jina. Ndani ya kipande kimojawapo kumefichwa kisanamu cha kauri kisichozidi ukucha, na atakayekipata huvikwa taji la karatasi. Kwingine mambo huishia hapo, watu wakacheka na kunywa. Lakini hapa Bizerte, mji wa bandari wa Tunisia, katika Nyumba ya Wafaransa, waliotunga katiba ya chama chao miaka mia iliyopita waliamua kwamba mfalme wa keki ndiye mwenyekiti wa mkutano mkuu unaofuata hapohapo, na kura zikilingana, yake inahesabiwa mara mbili. Nadhani walikuwa wamelewa. Hakuna aliyethubutu kuibadilisha.

Utajiuliza mzee wa sitini na saba anakuwaje mdogo kuliko wote. Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya jeshi la majini. Anselme alipokuwa mtoto meli za Ufaransa ziling'oa nanga kwa mara ya mwisho, na familia zikazifuata na magodoro na vizimba vya ndege. Santelli mkubwa alibaki kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa asiyeweza kusafiri. Mke alipofariki, akabaki kwa sababu ya kaburi. Walimu na wahandisi waliokuja baadaye kwa mikataba walikaa miaka miwili wakaenda zao, na katiba haiwahesabu. Wastaafu waliohamia walikuwa wazee tangu siku waliposhuka kwenye ndege. Basi kila mwaka likiulizwa swali la mdogo, wote walimgeukia Anselme.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza injini za boti. Alikuwa na tabia ya kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Silinda ya tatu." Hakukosea. Mafundi wote wa bandarini wanamwita ami Anselme, na wanamwogopa kidogo kwa sikio hilo.

Sikio hilohilo ndilo lililomponza. Mpishi wa keki husukuma kauri kutoka chini, ili asiharibu uso wa keki. Kipande chenye kauri kinapoburutwa kwenye sinia la shaba, kauri hukwaruza shaba: krr. Ni sauti ndogo, na juu ya meza, katikati ya vicheko na vikombe, haisikiki. Chini ya meza inasikika kama mtu anakukuna kichwani. Anselme aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja, miezi michache baada ya kumzika mama yake, na swali "cha nani?" lilipoulizwa alijibu, "Cha baba."

Toka hapo hakuacha. Alimpa taji mwalimu aliyefukuzwa kazi. Alimpa msichana wa posta aliyempenda, ambaye alicheka, akalivaa jioni nzima, na mwezi wa Aprili akahamia Toulon, Ufaransa. Alimpa Bi Hortense Camilleri mwaka aliofiwa na mumewe, Emmanuel. Mwenyewe hakujipa hata mara moja. Haya yote aliniambia baadaye, bila majivuno na bila kuona haya.

Mimi si mwanachama. Ni kijana wa mtaa uleule, nimesoma fasihi chuo kikuu, na Jumamosi nilikuwa nafungua maktaba ya ile Nyumba kwa watoto wa jirani. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, waliniomba pia niandike kumbukumbu za mikutano. Sifichi upande niliokuwa nao. Mkandarasi mmoja alitaka kuinunua Nyumba, aibomoe, ajenge maghorofa yanayotazama bahari. Wanachama walikuwa kumi na wawili. Sita walitaka kuuza, wahamie kwenye makao ya wazee huko Tunis, ambako paa halivuji. Sita walikataa. Niliwaona wale wauzaji kama watu wanaochoma vitabu wapate kuota moto, na niliwaambia hivyo, wakaniambia niandike tu.

Anselme alikuwa kati ya waliokataa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko la Nyumba, na amelala humo miaka arobaini. Nyumba ikiuzwa, hana pa kwenda. Na kwa kuwa kura zilikuwa sita kwa sita, kila mtu alijua kwamba keki ndiyo itakayoamua.

Wiki ile hakuna aliyemwacha apumue. Rais wa chama, Bwana Vuillemin, mpinzani mkubwa wa kuuza, alikuja na dumu la mafuta ya zeituni.

"Si rushwa, Anselme."

"Basi ni nini?"

"Ni mafuta."

"Haya, nitayapikia."

"Kumbuka tu kitanda chako kiko wapi," alisema Vuillemin, akaondoka haraka.

Kesho yake akaja Régis Delpoux, kiongozi wa wauzaji, mzee wa miaka sabini na minne aliyestaafu kazi ya bima. Alikuta tunapanga viti.

"Anselme, magoti vipi?"

"Yananibeba."

"Mwaka huu ungepumzika. Tungeandika majina kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kofia."

"Kofia ya nani?"

Nilicheka. Delpoux hakucheka. "Unaona? Huniamini."

"Na wewe je, unaniamini?"

"Nimefanya kazi ya bima miaka thelathini na minne, bwana. Nimeona watu wakichoma maduka yao wenyewe kisha wakalia mbele yangu machozi ya kweli. Simwamini hata mama yangu, na ameshakufa." Akatoa kijitabu mfukoni, akalamba kidole, akafungua. "Niko hapa miaka ishirini na miwili. Wafalme ishirini na wawili. Camilleri mara tatu. Vuillemin mara mbili. Delpoux: sifuri."

"Ni bahati."

"Bahati haina huruma, Anselme. Hii ya kwenu ina huruma sana. Mtu akifiwa, anapata taji. Mtu akiugua, anapata taji."

Kisha, kwa shida kubwa, akainama na tochi akachungulia chini ya meza. Alitafuta uzi, kioo, tundu. Alikuta mto ambao Anselme huukalia, akauchoma kwa fimbo yake mara tatu.

"Umekufa?" Anselme aliuliza.

Delpoux alisimama, akajipangusa magoti, akatoka bila kuaga.

Jumamosi Anselme alienda kuulizia keki kwa Sadok, mpishi wa mikate na keki wa mtaa wetu.

"Karibu, ami Anselme," alisema Sadok, akiitazama mizani.

"Tayari?"

"Tayari. Kila kitu kama nilivyoagizwa."

"Na nani?"

"Na wanaoagiza, ami. Mimi ni mtu wa unga tu."

Alirudi nyumbani bila raha. Lakini mpango wake aliushikilia: sinia likikwaruza, atataja Hortense. Bi Hortense ana miaka sabini na tisa, hataki kusikia habari ya kuuza, na hakuna atakayemdhania hila.

Jumapili alasiri walikaa wote. Bi Vuillemin alishika mwiko. Delpoux alisimama kando yake, mikono mgongoni. "Mtu asije akasema," alieleza, ingawa hakuna aliyemuuliza. Vuillemin alimtazama Delpoux, Delpoux alikitazama kitambaa cha meza, nami niliwatazama wote kwa zamu, kalamu mkononi.

"Cha nani?"

"Cha Vuillemin," ilisema sauti ya chini.

"Hiki cha nani?"

Vikaenda vipande viwili, vitano, vinane. Anselme alisubiri krr, na haikuja. Kufikia cha tisa alijiambia labda sikio limezeeka. Kipande cha kumi kiliteleza juu ya shaba kimya kama kitambaa. Majina yaliyobaki yalikuwa matatu: Hortense, Delpoux na lake mwenyewe.

"Cha nani? Anselme, umelala?"

"Labda anasikiliza," alisema Delpoux kwa upole.

Wengine hawakuelewa. Aliyekuwa chini ya meza alielewa kwamba siri ya sikio lake imegunduliwa, na aliniambia kwamba jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alikuwa hajui kilicho juu ya kichwa chake.

"Cha Delpoux," alisema, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Kisha akataja Hortense, kisha yeye.

Walikula kama watu wanaotafuta kitu kilichotegwa. Kila uma ulichokonoa kabla ya kuchoma. Anselme alikuwa bado anajivuta kutoka chini, ameshika mguu wa kiti, Delpoux alipoacha kutafuna. Alitia vidole mdomoni, akatoa haragwe moja kavu.

"Nimelipata," alisema. "Jamani, nimelipata!"

Alituzungushia macho, akitafuta mtu wa kufurahi naye. Uso wake wote ulikuwa umefunguka, na naapa kwamba kwa dakika ile alikuwa ameisahau Nyumba, mkandarasi na Tunis. Hakuna aliyepiga makofi.

"Haragwe?" Vuillemin aliuliza. "Kauri yetu iko wapi?"

"Nilimwambia Sadok aweke haragwe, kama zamani za mababu. Kauri ingevunja meno ya bandia ya Hortense."

"Meno yangu yalikuomba lini?" alisema Bi Hortense.

"Kwa hiyo umeagiza mwenyewe na umelipata mwenyewe," alisema Vuillemin. "Bizerte nzima itakufa kwa kucheka."

"Sikugusa kitu! Mikono yangu ilikuwa mgongoni, mmeiona!"

"Mikono tumeiona. Na miguu? Ulimgongea meza kwa kiatu, ukamtisha mzee wa watu!"

"Mimi?"

"Keki hii ni batili," Vuillemin alisema. "Na mkutano ni batili. Mwambie, Anselme. Wewe ulikuwa huko chini. Aligonga, sivyo?"

Wote wakamgeukia. "Huna haja ya kusema neno," alinong'ona Bi Vuillemin. "Itikia kwa kichwa tu."

Keki ikibatilishwa, kura zinabaki sita kwa sita, na Nyumba inabaki. Kilichotakiwa ni kichwa kimoja kuinama. Mimi niliyesimama kwenye ngazi za chuo nikipiga kelele juu ya haki mpaka koo likakauka, nilimtazama Anselme na kumwomba kwa macho aitikie.

Alikalia kiti. Alimtazama Delpoux, aliyekuwa bado ameshika lile haragwe katikati ya kiganja, amelifunika kwa mkono wa pili kana kwamba litaibiwa.

"Hakugonga kitu," Anselme alisema. "Kalipata kwa haki. Pengine yeye ndiye wa kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja." Akawaeleza sauti ya kauri kwenye shaba. Akawaeleza nani alimpa, na kwa nini.

Nilidhani watapiga kelele. Badala yake kila mmoja alirudi kwenye miaka yake, akitafuta taji lake.

"Mwaka ule," Bi Hortense alisema polepole. "Baada ya Emmanuel."

"Ndiyo, Bi Hortense."

"Nilidhani ni yeye amenitumia. Nimelihifadhi lile taji kwenye kitabu changu cha sala."

"Nilikuonea huruma."

"Nani alikuomba?" Alichukua mkoba wake na fimbo yake, akatoka kabla ya kura. Hatukusikia mlango ukifungwa kwa nguvu. Aliufunga taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kura zikapigwa. Bila Bi Hortense, wauzaji walipata sita, wapinzani watano; kura ya pili ya mfalme haikuhitajika hata. Niliandika tarakimu hizo kwa mkono wangu. Anselme alipewa mpaka mwisho wa Juni awe amehama.

Baadaye nilimkuta jikoni akiosha sinia. Delpoux aliingia nyuma yangu, taji limekaa upande.

"Kwa nini hukunyamaza?" alimuuliza.

"Ulikuwa umefurahi."

"Basi? Hilo tu?" Alimkagua uso kama fomu ya madai. "Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu."

"Kila mtu anataka kitu." Alisubiri. Anselme aliendelea kusugua shaba. "Miaka ishirini na miwili, Santelli. Hata mara moja?"

"Sikuwahi kukuona ukihitaji."

Delpoux alivua taji, akalikunja mara nne, akalitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akaniomba nifute kwenye kumbukumbu habari zote za haragwe. Nilikataa. Zimo.

Nyumba imekwisha kubomolewa. Vitabu nilivyoweza kubeba viko sebuleni kwa mama yangu, na watoto huja Jumamosi na viatu vyao vya matope, mama akalalamika. Anselme anaishi chumba cha juu ya duka la Sadok, na kila asubuhi humuuliza mkate umetiwa nini ndani. Bi Hortense hajamsemesha mpaka leo. Akipita chini ya dirisha la Anselme hupunguza mwendo, lakini uso hauinui.