Tisheti za mgombea kwenye uzio wa pilipili: yaliyotupata kijijini kwetu, Serengeti

Habari za saa hizi wakuu.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za watu waliochaniwa mabango, na za majirani walioacha kusalimiana kwa sababu ya bendera iliyofungwa getini. Nami ninalo la kwangu. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, sitaongeza pilipili, maana pilipili yenyewe imo humo humo.

Kijiji chetu kiko jirani na Robanda. Ukisimama nyuma ya shamba langu unauona mstari wa miti ya hifadhi. Diwani wetu alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na kwa bahati mbaya ukaangukia wakati mahindi yanakomaa.

Wale wa mijini ngoja niwaeleze kitu kwanza, msije mkapotea njiani.

Huku mahindi yakianza kukomaa, tembo wanakuja. Kelele za madebe wanazizoea. Tochi wanaizoea. Harufu ya pilipili ndiyo inayowakera. Kwa hiyo tunasimika nguzo, tunavuta kamba ya katani, tunaning'iniza vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu ya pikipiki iliyochanganywa na pilipili kali ya kusaga. Oili inaishika pilipili, mvua ikinyesha haiondoki haraka.

Ila kitambaa kiwe cha pamba. Nailoni hainyonyi. Na yale mabango ya kampeni ya plastiki hata usijisumbue, oili inateleza yote chini.

Jambo la mwisho: uzio ni wa pamoja. Mashamba yamepakana, kamba ni moja. Pengo likiwa kwako, tembo hataishia kwako.

Tuendelee.

Wagombea waliokuwa na nguvu ni wawili. Wa kwanza tunamwita Fundi, ana gereji ya pikipiki Mugumu. Kauli mbiu yake: "Kata Ikiharibika, Mwite Fundi". Wa pili ni mfanyabiashara wa mazao, yake ilikuwa "Sasa Zamu Yetu".

Wakuu, kijiji kilibadilika rangi. Ukitoka uani unasoma. Ukienda kisimani unasoma. Mlango wa jirani, mti wa jirani, banda la kuku la jirani, kote sura za watu wanaotabasamu. Gari la matangazo likipita, mbwa wote wanabweka. Watu wakawa wanatazama kwanza umevaa tisheti ya nani ndipo waamue wakusalimie vipi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha uzio. Kwa hiyo usiku sikuwa naota kura, naota mapengo. Vitambaa vya mwaka uliopita vilishaoza, matambara kijiji kizima yameisha, na nyayo zilishaonekana upande wa bondeni.

Sasa anaingia Mama Mugesi.

Huyu ni mjane, shamba lake ndilo la pembeni kabisa, linalotazamana na hifadhi. Ana wajukuu anaowalea. Mahindi yale ndiyo chakula chao mpaka msimu mwingine, hana duka, hana ng'ombe wa kuuza. Tembo wakipita kwake, yeye na wale watoto wanaanza kuhesabiwa kwenye sufuria za majirani.

Kambi ya Fundi iligawa tisheti nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Mugesi wakaacha rundo, wakijua ana ukoo mkubwa. Alizipapasa, akaona ni pamba safi. Kesho yake akazilowesha zote, akazitundika.

Nilipofika kukagua nilisimama kidogo. Sura ya Fundi ilikuwa inaning'inia nguzo hadi nguzo, nyeusi tititi, inachuruzika. Maneno "Mwite Fundi" bado yanasomeka.

"Shikamoo mama. Hizi si za kampeni?"

"Marahaba. Ni nguo," akanijibu, mikono mpaka kwenye viwiko ni oili. "Waliniambia nizitumie. Nazitumia."

Nilicheka. Lakini nilijua kuna mtu ataliona hilo kwa jicho lingine. Hata hivyo uzio ulikuwa umetimia, na hilo ndilo nililolitaka.

Mchana ule ule kijana mmoja wa "Sasa Zamu Yetu" akapita, akarekodi video, akairusha kwenye magrupu. Maneno aliyoweka: "Hata wapiga kura wake wamempaka oili chafu."

Basi.

Saa kumi hivi ikaja msafara wa bodaboda. Mbele ni Makuru, kiongozi wa vijana wa Fundi. Na hapa ndipo palipouma, kwa sababu Makuru ni mtoto wa mdogo wake Mama Mugesi. Amekula kwenye nyumba ile tangu anatambaa.

"Mama mkubwa, umetudhalilisha."

"Nimekudhalilisha na nini, mwanangu?"

"Unampaka mheshimiwa oili, kijiji kizima kinacheka! Umelipwa na wale?"

"Ningelipwa ningenunua nguzo za chuma."

Wenzake wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomharibu. Nikajaribu kumweleza taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi: kamba ni moja, pamba hakuna nyingine, subirini hata kesho tutafute magunia. Nikamwambia, "Makuru, shamba la mama yako mzazi ni la nne kutoka hapa. Hesabu mwenyewe."

"Katibu, wewe endelea na pilipili zako."

Wakazishusha. Zote za upande ule, wakazipakia kwenye gunia, wakaondoka wanapiga honi. Ikabaki kamba tupu inacheza na upepo.

Wakuu, sijawahi kuangalia jua likishuka kwa wasiwasi namna ile. Tukaanza kukimbizana, mimi, Mama Mugesi na majirani wawili, tunatafuta chochote. Yeye akachana kanga yake, mimi shati la kazini. Tulifunika labda nusu ya pengo.

Giza halijakamilika walikuja. Tembo hana haraka, hilo ndilo linalotisha. Walisimama, wakanyoosha mikonga, wakakwepa penye pilipili, wakapita penye kamba tupu kama watu wanaopita mlangoni. Tulipiga madebe, tulipiga kelele, tukawapigia askari wa wanyamapori. Askari walikuja na gari wakawarudisha, lakini kona nzima ya Mama Mugesi ilikuwa imelala chini. Na shamba la mama yake Makuru nalo likaguswa.

Asubuhi wale wa "Sasa Zamu Yetu" wakaja na simu zao. Wanataka Mama Mugesi aseme kwenye video kwamba Fundi ameleta tembo.

Aliwatazama. "Ninyi tisheti zenu ni za pamba?"

Mmoja akaipapasa yake.

"Kama ni za pamba, vueni tufunge. Kama hamvui, tokeni kwenye mahindi yangu, mnakanyaga yaliyobaki."

Hakuna aliyevua. Wakaondoka.

Alasiri Fundi mwenyewe akafika. Hakuja na spika wala gari la matangazo. Alikuja na pikipiki, nyuma kafunga dumu la oili chafu, na Makuru kapakiwa na lile gunia la tisheti mapajani. Hapo lazima niwaambie kitu ambacho vijana wake hawakukijua, au walikisahau: oili ya uzio wetu, miaka yote, inatoka gereji kwake. Bure. Kwa hiyo oili aliyopakwa usoni ilikuwa ya kwake.

Nilisubiri hotuba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akatoa tisheti moja kwenye gunia, akainusa, akakohoa.

"Mama, pilipili mliweka kidogo."

"Iliisha."

"Makuru, nenda sokoni."

Wakafanya kazi mpaka jioni. Makuru aliporudi na pilipili alichimbia nguzo bila kuinua uso. Mama Mugesi alimwacha ahangaike, halafu akamletea uji. "Kunywa. Uliposhusha ulikuwa na nguvu kuliko unapotundika." Kijana akacheka huku macho yanamlengalenga, naye alisingizia pilipili.

Uzio ulishika mpaka mavuno. Mama Mugesi alipata pungufu, kikundi kikakubaliana kila shamba limpelekee debe. Mama yake Makuru alipeleka mawili.

Fundi alishindwa. Video ile ilizunguka sana, na nyingine aliyorekodiwa akiitundika sura yake mwenyewe kwenye kamba ikazunguka zaidi. Wengine wanasema ndiyo iliyommaliza. Sijui. Mama Mugesi alimpigia kura nani, hilo nalo sijui, sikumuuliza na yeye si wa kusema. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata uchaguzi Fundi alituma boksi la tisheti zilizobaki, na dumu la oili.

Nilichojifunza ni kidogo, ila nawapa kwa moyo mmoja. Ukiona bendera au sura ya mgombea wako mahali ambapo hupapendi, usianze na mkono. Muulize mwenye nyumba inafanya kazi gani pale. Mara nyingi jibu halihusu siasa hata kidogo. Na wewe kijana wa hamasa unayesoma hapa, juhudi zako ni nzuri, endelea nazo, ila mgombea atapita na yule jirani utabaki naye.

Mimi bado sijatulia. Msimu umerudi, mahindi yamesimama, na kampeni nyingine zimeanza. Juzi mgombea mpya alipita nyumba kwa nyumba, akamkabidhi Mama Mugesi tisheti. Yeye kabla ya kushukuru akaikunja pindo, akaisugua taratibu kwa vidole viwili.

Mgombea akafurahi. "Umeipenda, mama?"

"Bado nakagua, mwanangu."

Karibuni wadau. Kwenu uchaguzi ukiisha, hivi vitu vinaishia wapi? Na kama kuna mwenye matambara ya pamba Mugumu au Tarime, asione aibu kusema hapa chini. Rangi yoyote tunapokea.