Barakoa za Siku ya Wageni

Nilikuwa mpagazi kwenye ghala la karafuu karibu na Mtambile. Bi mkubwa mmoja alikuwa akipepeta karafuu pale, vumbi likimkoholesha kutwa, pua kaiziba kwa kanga. Kila msimu tuliomba barakoa. Zililetwa siku moja tu, wageni walipokuja kukagua. Walipoondoka, tajiri mwenye ghala akapita na boksi akizikusanya. Bi mkubwa alificha yake kifuani; akaambiwa aitoe, akaitoa.

Mwaka huu kikohozi kile kilimuua. Tajiri alikuja mazikoni, akatoa mkono wa pole. Tulipoanza kufukia, vumbi likatimka. Akarudi nyuma, akatoa barakoa mfukoni, akaivaa. Mimi niliyeshika jembe nikazidi kutimua vumbi upande wake. Mungu anisamehe.