Gauni Lenye Dirisha

Fundi cherehani wa hospitali alikuwa mzee mfupi, mcheshi, aliyetumia miaka ishirini kutia viraka mashuka katika chumba kidogo nyuma ya chumba cha kufulia. Wenzake walimwita Sindano, na jina hilo halikumletea balaa lolote mpaka siku alipoitwa wodi ya watoto kupima mapazia.

Muuguzi mkuu alimwona mlangoni akapaza sauti, "Sindano, karibu! Tunakusubiri wewe tu!"

Wodi nzima ililipuka kilio. Wawili walijitosa uvunguni mwa kitanda, mwingine akajifunika shuka gubigubi, na mvulana mwenye plasta mguuni akaapa kwamba yeye alishachomwa asubuhi. Mzee alibaki kaduwaa, futi yake ya kupimia shingoni, hajui acheke au atoke mbio.

Msichana mmoja tu ndiye aliyetulia. Alikuwa na miaka sita, anaumwa saratani ya damu, na dawa zilikuwa zimemmaliza nywele zote kichwani. Alimkagua mzee juu mpaka chini.

"Sindano yako iko wapi?"

Mzee aliichomoa kwenye ukosi wa shati, uzi ukining'inia. "Ya nguo tu hii, mjukuu wangu. Haijamchoma mtu ila mimi mwenyewe."

"Basi nishonee nguo. Hii siitaki."

"Adabu, mwanangu!" mama yake alimkanya. "Shikamoo, mzee. Usimjali."

"Marahaba. Mwache aseme, mteja huyo."

Msichana alieleza. Madaktari walikuwa wamemwekea mrija kifuani wa kupitishia dawa, na gauni la hospitali lilifunguka mgongoni. Kila mrija ulipohitajika, gauni lilivuliwa mpaka kiunoni.

"Hata baba za watu wananiona," alinong'ona.

Mapazia yalimtoka mzee akilini. Alimpima mabega, akauliza mrija unatokea wapi hasa na mtoto hulalia ubavu gani. Kesho yake mchana alileta gauni la njano lenye kipande kifuani kilichofunguka kama kifuniko, kikashikwa na vifungo vinne vya kubana.

"Dirisha!" msichana alipiga kelele, akalifungua na kulifunga mpaka mama yake akamwomba apumzike.

Siku mbili baadaye alipelekwa kupigwa eksirei. Mpiga picha alitoka na picha mkononi, macho yamemtoka. "Nani kammezesha huyu mtoto vifungo?"

Mzee aliposikia alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Vya chuma! Akili yangu ilikuwa likizo." Alivibandua siku ileile, akaweka vikamba vya kitambaa, na kumfundisha msichana kufunga fundo la kipepeo.

Hapo ndipo mtoto alipojipa cheo cha bawabu wa dirisha lake. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa vikamba bila kupiga hodi. Daktari mmoja mwenye haraka alinyoosha mkono moja kwa moja, akaambiwa, "Rudi mlangoni." Alirudi kweli, akasema hodi, akakaribishwa.

Si siku zote zilikuwa za vicheko. Kuna wiki homa ilimshika vibaya, wauguzi wakipiga hodi hajibu, mama yake akifungua vikamba kwa niaba yake. Mzee alifika kila asubuhi, akijifanya anapima mapazia aliyokwisha kuyatundika.

"Mzee, hilo dirisha limekua tangu jana?" muuguzi mkuu alimtania kwa upole.

Mzee alivuta pazia, akalipima tena. Asubuhi ya sita alijikaza, akasogea kitandani akasema hodi kwa sauti ndogo, hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Nani huyo?" sauti nyembamba iliuliza.

Mzee aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa futi.

Matibabu yalichukua miezi mingi, lakini yalimkubali. Mrija ulitolewa, msichana akaenda nyumbani, na muuguzi mkuu akaagiza magauni arobaini ya namna ile kwa watoto wote wenye mirija.

Siku hizi msichana huja mara moja kwa mwezi kupimwa damu, nywele zimeshaota na hazikubali kitana. Akishapimwa hukimbilia chumba cha mzee, akapanda mezani na kupekua vitambaa.

"Huyu mpya wa kitanda cha tatu hapendi njano, babu. Nimemuuliza. Mkatie gauni la kijani."

"Mwanangu, twende, tunachelewa," mama yake humwita kutoka mlangoni.

"Mama, subiri kidogo, niko kazini."