Yule Mwenye Shamba la Farasi

Utotoni mwangu, Tanga, televisheni ya mtaa ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baada ya magharibi mama na majirani walijifunga kanga wakaenda huko, nami nikiwafuata nyuma, tukakaa mkekani kutazama tamthilia ya kutoka Amerika ya Kusini. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, midomo ikisema kitu kingine kabisa, na wengi wetu hatukuelewa hata kimoja. Binti wa mwenye nyumba, aliyekuwa sekondari, ndiye aliyetufasiria. Leo naamini nusu ya hadithi aliitunga mwenyewe.

Ilikuwa habari ya msichana aliyelelewa kama mtumishi katika nyumba ambayo kumbe ni ya baba yake. Mpenzi wake alikuwa na shamba la farasi, na alivaa shati jeupe ambalo vifungo vya juu havikufungwa hata siku moja. Jioni ile alipoondoka akamwacha msichana langoni, wanawake wote walilia, nami nikalia kuwashinda. Mama akanifuta uso kwa pindo la kanga yake, akawaambia wenzake, "Mwanangu huyu ana huruma. Anamlilia binti wa watu."

Sikuwa namlilia binti. Nilikuwa namlilia yule aliyeondoka, na tayari nilijua kwamba neno hilo halisemeki.

Basi sikulisema, ila nilijifunza mengine mengi pale mkekani. Nilijifunza kugeuza shingo polepole nikiudhika, na kusimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia, watu waone kwamba nimefika. Harusini nilikaa karibu na kina mama wanaotunza waimbaji wa taarabu, nikaiga jinsi mkono unavyopanda juu na kiuno kinavyojibu. Watu walicheka, wakanipenda. Ndevu zilipoanza kuota wakaacha kucheka, nami nikaacha kucheza.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Doha, nafua na kunyoosha mashuka ya hoteli. Asubuhi moja mashine ya pasi ilinichoma mkono, msimamizi akanipeleka zahanati. Muuguzi aliyenihudumia alikuwa Mkenya, mtu wa Nakuru, mrefu, miwani imemshuka puani.

"Pole sana. Nyosha mkono, itakuuma tu kidogo," aliniambia.

Akaanza kunisafisha, na huku anasafisha alikuwa akiimba kwa pua, taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anaimba. Nikaujua wimbo. Ulikuwa ule wa mwanzo wa tamthilia yetu, unaopigwa wakati farasi wanakimbia. Alipofika mahali ambapo sauti hupanda, nikapanda naye.

Akanitazama juu ya miwani. "Wee! Umeijua?"

"Kwetu hapakuwa na asiyeijua."

"Sisi nyumbani hakuna mtu alikuwa anawasha jiko mpaka iishe. Baba alikuwa anakula chakula baridi na ananyamaza." Akachukua bandeji, akaanza kunifunga bila kuinua macho. "Na wewe ulikuwa unampenda nani?"

Ningeweza kumtaja msichana. Hilo ndilo jibu la kila mwanamume, na katika mji huu ndilo lenye usalama, maana jambo letu hapa linaweza kukufunga jela au kukurudisha kwenu kwa aibu. Lakini mkono ulikuwa unaniuma, na yule mtu alikuwa ameimba vizuri.

"Yule mwenye shamba la farasi," nilisema.

Mikono yake ikasimama. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anaitwa kwa Kiarabu, hajibu.

"Aki, hata mimi," akasema polepole. "Hata mimi."

Watu wachache niliowahi kuwasimulia huuliza kama tulikuwa wapenzi. Hapana. Siku moja tulijaribu kushikana mikono kama wale wa kwenye tamthilia, tukacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alikuwa rafiki yangu, wa kwanza niliyekaa naye bila kujichunga shingo wala mikono.

Yeye aliishi Al Wukair na wauguzi wenzake, mimi Fereej Bin Mahmoud, katika chumba nilichogawana na dereva mmoja wa Pemba, mtu mzima, ndevu nyeupe, niliyemwita Ami. Kila Ijumaa Ami aliwapeleka matajiri wake shambani Umm Salal, akarudi jioni. Kwa hiyo Ijumaa chumba kilikuwa changu. Nikitoka msikitini namkuta rafiki yangu ananisubiri chini, mbele ya duka la Mhindi, kashika chapati zake na vikombe viwili vya karaki, ile chai nzito ya maziwa. Tulikuwa tumeipata tamthilia yote kwenye mtandao, na tuliiangalia upya kwenye simu yangu, tumeiegemeza kwenye kopo la maziwa, sehemu moja baada ya nyingine.

Hatukuitazama kimya. Tuliigiza. Mimi nilikuwa msichana na pia mama wa kambo, yeye akawa bwana wa farasi, padri na wakili. Alikuwa na uwezo wa kuzimia ambao sijauona kwa mwigizaji yeyote: alianza kwa magoti, akashika ukuta, akafikiria, ndipo akaanguka. Wiki nzima nilinyoosha mashuka nikiwaza tutaigiza kipi.

Ijumaa moja tulikuwa tumefika sehemu ambayo harusi inavunjika. Nilikuwa nimejifunga shuka kuanzia kifuani, foronya kichwani, na rafiki yangu amepiga magoti mbele yangu kanishika mkono, ananiapia kwamba mtoto wa mwanamke mwingine si wake. Mlango ukafunguka. Ami alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi.

Hakuna aliyesogea. Simu ikaendelea kupiga kelele peke yake.

"Mwafanya nini nyinyi?" aliuliza.

Mimi nilikuwa tayari najiona kwenye ndege. Rafiki yangu ndiye aliyepata sauti. "Tunaigiza, Ami. Ni tamthilia tu."

Ami akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akainama kuitazama simu. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia, akaketi kitandani kwangu.

"Huyu si yule binti aliyekataliwa na babake?"

"Ndiye," nilijibu, foronya bado iko kichwani.

"Marehemu mke wangu alikuwa hakosi. Mie nikisimama mlangoni, nikisingizia natafuta funguo." Akazigeuza funguo za gari mkononi. "Sikukaa naye hata siku moja. Niliona haya, mwanamume mzima kulia na wanawake."

Akatuomba turudishe nyuma aone alichokosa. Tukatazama watu watatu, tumebanana kitanda kimoja, na karaki ya pili akainunua yeye. Rafiki yangu alipoondoka, Ami alikuwa anakunja msala wake, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, mlango huu una komeo. Litumieni. Si kila atakayeingia ni mimi."

Sijui hasa alijua nini. Tangu siku hiyo, akiwahi kurudi, alianza kukohoa toka ngazi za chini, kikohozi kikubwa cha mtu mwenye mapafu mazima.

Mwisho wa tamthilia tuliutazama sote watatu. Ukweli ni kwamba haukuwa mzuri. Kuta za nyumba ya kifahari zilitikisika mlango ulipofungwa, na bwana wa farasi, tuliyempenda kila mmoja kwao, alikuwa hajui kuigiza hata kidogo. Tulimtazama kwa huruma. Rafiki yangu akasema, "Kumbe ni shati tu." Ami peke yake ndiye aliyelia.

Si muda mrefu baadaye rafiki yangu alipata kazi Ulaya. Tulikumbatiana chumbani, komeo limefungwa, kwa sababu uwanja wa ndege tungepeana mkono kama wafanyakazi wenza, na ndivyo tulivyofanya. Ami naye alistaafu akarudi Pemba. Siku hizi kazini kuna Mganda ananionyesha kwenye simu yake tamthilia za Asia ambamo wanaume wawili wanapendana waziwazi na kubusiana mvuani. Nazitazama kwenye basi, visikizi masikioni, na ni nzuri. Lakini humo kila kitu kimeshasemwa, na mimi nimezoea hadithi ambayo lazima nijitafutie mwenyewe pa kukaa ndani yake.

Ijumaa iliyopita rafiki yangu alipiga simu ya video. Kwake kulikuwa na theluji dirishani. Tukiwa katikati ya umbea, mtu akapita nyuma yake na sufuria: mwanamume wa makamo, kipara, kitambi kidogo, soksi hazifanani. Akanipungia mkono, akaenda zake jikoni.

"Ndiye?" niliuliza.

"Ndiye."

"Anajua kupika?"

"Hajui," alisema, akicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona akiigiza. "Anaunguza kila kitu."